Dirisha na Mlango

Maneno yaliyosemwa na mwenye duka mmoja mbele ya wenzake wa biashara na wafanyakazi wa migodi wa Masisi na Walikale. Tumeyachapa kama alivyoyasema, tumeacha salamu za mwanzo tu.

Mama zetu, Papa zetu, na nyinyi ndugu zangu wa migodi,

Nimeombwa niseme juu ya kupamba duka ili kuvuta wanunuzi. Wengine wenu mlicheka mliposikia, na sababu naijua. Mtu wa Rubaya au wa Ndjingala akisikia neno kupamba anawaza maua ya plastiki, taa za rangi, na muziki wa kupasua masikio. Anasema moyoni: sisi tumeona vita, barabara ni mbovu, matope yanafika magotini, na huyu mzee anatuletea habari za maua. Basi ngojeni kidogo. Sikuja na maua. Hapa mezani nimeweka makopo mawili ya Guigoz, yale ya maziwa ya watoto tunayopimia maharagi na unga. Yatazameni tu, msiyaguse mpaka nimalize.

Nitaanza mbali, lakini nitarudi kwetu upesi. Katika wakati wa ukoloni, katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu mwaka 1964 inaitwa Zambia, kulikuwa na desturi katika maduka mengi ya Wazungu, hasa mabucha, kwamba Mwafrika asiingie kwa mlango. Mlango ulikuwa wa Mzungu. Mwafrika alisimama nje, ubavuni mwa nyumba, mbele ya kidirisha kidogo. Kwa kidirisha kile alitoa fedha, na kwa kidirisha kile alisukumiwa nyama iliyokwisha kufungwa katika karatasi. Hakuiona ikikatwa, hakuiona ikipimwa, wala hakuambiwa achague. Kama ni mifupa mitupu, aliyajua hayo akifika nyumbani kwake. Na mtu huyo hakuwa mwombaji. Wengi walikuwa wafanyakazi wa shaba wa Copperbelt, watu wa mshahara, watu ambao bila fedha yao bucha lile lingefungwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Watu walichoka. Mwaka 1954 chama cha African National Congress cha nchi ile, chini ya Harry Nkumbula, kiliwaomba wananchi wa Lusaka waache kununua nyama kwa vidirisha. Mwaka 1956 jambo lile lilienea katika miji ya migodi. Kenneth Kaunda, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Zambia, aliacha kabisa kula nyama kwa uchungu wa kuwaona mama zake wakitendewa vile. Angalieni vizuri: watu wale hawakulalamika kwamba nyama ni ghali. Walikuwa na fedha mkononi. Walichokataa ni kununua kitu wasichokiona, kutoka kwa mtu asiyetaka waingie nyumbani mwake.

Sasa narudi kwetu. Tembeeni katika mji wowote wa migodi, Rubaya, Masisi, Mubi, Ndjingala, au Walikale penyewe, mkahesabu maduka yenye kidirisha. Ukuta wa mbao kutoka juu mpaka chini, katikati tundu la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, na juu ya tundu wavu wa chuma. Mnunuzi anainama. Anaita, “Papa, uko na chumvi?” Ndani kuna giza, na katika giza sauti inajibu, “Iko.” Anatoa franga zake, mkono unatoka, mkono unarudi. Nani aliyejenga kidirisha hiki? Si Mzungu. Tumekijenga sisi wenyewe, kwa misumari yetu.

Na mimi ni mmoja wao. Sitawadanganya. Duka langu lilikuwa na wavu kwa miaka mingi, na siku moja mama mmoja muuza ndizi alinunua sabuni kwangu, akaingiza vidole vyake katika wavu kama mtu anayesalimia mfungwa. Akaniuliza, “Papa, katika sisi wawili, nani yuko gerezani?” Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Sababu ya wavu tunaijua wote. Mwenye duka wa Masisi na Walikale ameporwa na watu wa kila namna, wenye mavazi ya kazi na wasio nayo. Wengi wetu tumejifunza kuficha. Tunaacha ukuta wa mbele uchakae makusudi, tunaweka mali nyuma, tunavaa shati lililotoboka, ili apitaye aseme: huyu hana kitu. Hii nayo ni namna ya kupamba, ndugu zangu, kupamba kwa umaskini. Inamfukuza mwizi siku moja, na inamfukuza mnunuzi siku zote. Hapo ndipo shida yetu ilipo, na mtu anayefundisha biashara bila kuisema anafundisha watu wa nchi nyingine. Kinachovuta jicho la mnunuzi mwema kinavuta na jicho la mwenye bunduki.

Mimi nilifanya hivi. Nilijiuliza, ni uzuri gani wa duka ambao mtu hawezi kuubeba kichwani akakimbia nao? Mwanga hauporwi. Usafi hauporwi. Bei iliyoandikwa ukutani, kopo la haki, mpango mzuri wa rafu, baraza ya kukaa, jina jema: hakuna mtu atakayevunja mlango usiku ili achukue hayo. Basi wavu niliupunguza ukawa kisanduku kimoja tu pembeni, ndani yake fedha, vocha za simu, betri na tochi za bei. Sehemu nyingine niliifungua mchana watu waingie, nikaweka mbele mali kidogo kidogo, chupa mbili za mafuta na si ishirini, na kila moja ikiuzwa naleta nyingine kutoka nyuma. Jioni nafunga mbao. Simwambii mtu anayeishi mahali pa hatari aung'oe wavu wake kesho asubuhi. Kila mtu anaujua usiku wa mtaa wake. Lakini wavu uwe pale palipo na sababu, usiwe uso wa duka lote.

Baada ya wavu ni giza. Nyumba zetu za biashara ni za mbao na mabati, hazina madirisha, na huko Masisi ukungu wa asubuhi unakaa mpaka saa nne. Katika giza kitenge chekundu na kitenge cha kahawia ni ndugu. Mnunuzi anakitoa nje akitazame juani, na mwenye duka anamfuata mbio akidhani ni mwizi, na hapo ugomvi. Pakeni kuta za ndani rangi nyeupe. Asiye na fedha ya rangi atumie chokaa, na asiye na chokaa atumie udongo mweupe ambao mama zetu walipakia nyumba tangu zamani. Ukuta mweupe unarudisha mwanga, ukuta mweusi unaumeza.

Kuna pia ufundi mmoja ambao umepita nchi nyingi maskini, na fedha yake ni kidogo sana. Mwaka 2002 fundi mmoja wa Brazili, jina lake Alfredo Moser, alichukua chupa ya plastiki ya lita mbili, ile inayoonyesha ndani, akaijaza maji safi na vifuniko viwili vya javeli ili maji yasigeuke ya kijani. Alitoboa bati la paa kwa kipimo cha chupa, akaipenyeza chupa nusu yake nje, nusu yake ndani, akaziba kandokando mvua isipite. Jua linaingia kwa juu na maji yanalitawanya chini pande zote. Mchana wa jua chupa moja inatoa mwanga kama balbu ya wati 40 au 60. Usiku haitoi kitu, hiyo mjue. Fanyeni nne katika duka moja mkaone. Lakini fundi wa kuziba awe mtu wa akili, kwa maana mvua yetu haina mzaha, na mfuko wa chumvi uliolowa hautapambwa na mtu.

Kwa usiku, taa moja ndogo ya jua inatosha, na iangalie mali, isiangalie macho ya mnunuzi. Nimeona watu wanafunga taa mlangoni ikimpiga usoni kila anayeingia, kama polisi anayeuliza karatasi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Nyinyi wachimbaji mnalijua kuliko mimi. Mtu anaamka alfajiri, anashuka shimoni, anapanda na mfuko wake wa koltani au kasiterite. Anakwenda kwa mnunuzi wa madini. Mizani iko nyuma ya meza. Anaambiwa mawe yako yana maji, yana mchanga, kilo zako ni hizi. Hakuiona mizani, au ameiona na haamini. Anachukua fedha na moyo umemchafuka. Kisha anakuja dukani kwako jioni. Je, mtu huyo anatafuta maua? Anatafuta mahali pamoja tu, katika siku yake nzima, ambapo ataona kwa macho yake mwenyewe anachopimiwa.

Kwa hiyo mapambo ya kwanza ya duka la mji wa mgodi ni mizani iliyowekwa mbele, sahani yake ikiwa tupu, mshale wake uko kwenye sifuri, na uso wake umemgeukia mnunuzi. Yangu nimeiweka juu ya kisiki kilichopakwa rangi ya samawati, mtu akiingia ni kitu cha kwanza anachokiona. Fedha niliyotumia ni ya mkebe mdogo wa rangi.

Mapambo ya pili ni bei. Paka ubao rangi nyeusi, nunua chaki, andika: chumvi, sabuni, mchele, mafuta, makayabo, boti, sururu, beleshi. Nusu ya wanunuzi wangu hawasomi, nikachora kila kitu pembeni mwa bei yake, na samaki wangu anafanana na kiatu, watu wanamcheka, lakini wanajua ni samaki. Andika na kiwango cha dola cha siku ile. Mnajua jinsi tunavyoibiana hapo: bei ni ya dola, malipo ni ya franga, na kiwango kinatoka katika tumbo la mwenye duka. Na kama huchukui noti ya dola iliyochanika pembeni, sema hivyo kabla mtu hajafunga mzigo wake.

Wengine mtasema kwamba bei ya kuandikwa inaua mapatano, na watu wetu wanapenda kupatana. Ni kweli wanapenda, wanaojua kupatana. Mtoto aliyetumwa hajui. Mgeni hajui. Mchimbaji aliyechoka hataki. Katika mji wa Paris, kuanzia mwaka 1852, Aristide Boucicaut aliliendesha duka la Bon Marché kwa sheria ambazo zilishangaza watu wakati ule: kila kitu kina bei yake imeandikwa, bei ni moja kwa wote, na mtu anaweza kuingia, kutazama, na kutoka bila kununua, wala hafukuzwi. Kutoka katika duka dogo la vitambaa alifika kwenye duka kubwa lililojulikana duniani. Sisi bado tunamwuliza mtu mlangoni, “Unataka nini?” kwa sauti ya mlinzi.

Bei zetu ni za juu, sikatai. Wale waliokuwa Walikale katika miaka ya 2000 wanakumbuka ndege zilizotua juu ya lami huko Kilambo, zikileta bidhaa za Goma na kurudi na kasiterite, na kutoka barabarani vijana wakabeba mizigo kichwani kupita msitu mpaka Bisie. Chupa ya bia iliyopanda ndege na kichwa cha mtu haiwezi kuwa na bei ya Goma. Mnunuzi anaelewa haya ukimwambia. Asichokielewa ni bei moja asubuhi na nyingine jioni, moja kwa fundi wa kampuni na nyingine kwa mama wa shamba.

Nije kwenye rangi za nje. Hapa nitasema habari yangu mwenyewe, na jina la kampuni nitaliacha. Walikuja vijana na gari na mikebe ya rangi. Wakaniambia, Mzee, tutakupakia duka lako lote bure, mbele na mbavuni, na jina letu litaandikwa kwa herufi kubwa. Bure! Nilifurahi kama mtoto. Jirani yangu wa kushoto naye alifurahi, na wa kulia vilevile. Baada ya juma moja maduka saba ya mtaa yalikuwa na rangi moja na jina moja. Mtoto aliyetumwa kwangu aliingia kwa jirani, wa jirani akaingia kwangu. Watu wakaacha kabisa kutaja jina langu. Nikapokea mvua, nikapokea kodi, nikapokea wezi, na ukuta ukamtangaza mtu ambaye hata soda hakuninunulia. Sisemi rangi ya bure ni mbaya kwa kila mtu. Nasema ukuta wa mbele ni mali, kama shamba kando ya barabara ni mali, na mtu hatoi shamba lake la kando ya barabara kwa mikebe minne ya rangi bila mkataba na bila malipo. Kama wanautaka, walipe kwa mwaka, na jina lako liwe juu, lao chini.

Nilipochoka nilipaka upya. Rangi nyeupe, mlango wa kijani, na kijana mmoja mchoraji akanichorea chukudu ikiteremka mlima na mzigo wa viazi, dereva wake kofia imepeperuka. Gharama ilikuwa ndogo kuliko mfuko wa mchele. Tangu siku ile watu husema, “Nenda pale kwenye chukudu.” Hata asiyesoma anafika.

Wachoraji wetu wa mabango tunawadharau, nasi hatufanyi vizuri. Chéri Samba, ambaye picha zake zimetundikwa katika nyumba za sanaa za Ulaya na Marekani, alianza kwa kujifunza kwa wachora mabango wa Kinshasa, kisha mwaka 1975 akafungua kiwanda chake mwenyewe, akitundika picha nje barabarani. Aliona wapita njia wanatupa jicho moja na kwenda zao. Ndipo akaanza kuandika maneno ndani ya picha, kwa maana mtu anayesoma lazima asimame. Jaribuni haya. Andikeni jambo fupi la kweli kwenye ubao wa nje kila asubuhi: leo sambaza zimefika kutoka Minova, leo mafuta ya mawese ni mapya, leo bei ya sabuni imeshuka. Na ukiandika kwamba imeshuka, iwe imeshuka. Watu watazoea kusimama. Lakini lile bango la “Leo hakuna mkopo, njoo kesho” nawaomba mlitoe. Kila duka linalo, linamkasirisha asiyekopa, na anayetaka kukopa halimzuii hata kidogo.

Juu ya rafu nitasema machache, mengi mnayajua. Vizito chini, vyepesi juu, vinavyonunuliwa kila siku mahali pa mkono, sabuni mbali na unga, mafuta ya taa mbali na kila kitu. Vitenge vikunjwe ukingo ukionekana, vitatu vinne vitundikwe mlangoni. Watu wa Mombasa na Unguja wanatundika kanga mlangoni, na mtu anaijua biashara kabla hajafika. Beseni na sufuria zitundikwe juu, zinang'aa zenyewe.

Lakini kuna tabia ya kujaza rafu ya juu kwa makatoni matupu ili duka lionekane tajiri. Wazee wetu wanakumbuka rafu tupu za wakati wa Zaire. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitwaliwe na wenyeji. Wagiriki, Wareno na Wahindi walitoka dukani, na waliopewa maduka, wengi wao watu wa vyeo na si wa biashara, wakauza kilichokuwamo na hawakuagiza kingine. Rangi za ukutani zilibaki, vibao viliwekwa majina mapya, na ndani hakuna chumvi. Mwaka 1976 serikali ilianza kuwarudishia wenye mali wa kwanza sehemu ya biashara zao, lakini wateja walikuwa wamekwisha kuzoea kutafuta mahali pengine. Katoni tupu ni mchezo uleule kwa udogo. Mnunuzi ataomba kile alichokiona juu, nawe utasema kimekwisha, na mara ya tatu hataomba tena kitu chochote. Afadhali rafu tatu zilizojaa kuliko sita za kudanganya. Ng'oa zile tatu, ufanyie benchi.

Maana benchi inahitajika. Maduka ya zamani ya Kivu yalikuwa na baraza, na juu ya baraza fundi cherehani na mashine yake. Mwenye duka alimpa fundi mahali pa kukaa, fundi akawapa wanunuzi sababu ya kusubiri. Mama ananunua kitenge, anapimwa palepale, anakaa anaongea, anakumbuka kwamba hana chumvi. Wengi tumeifunga baraza tukaifanya ghala. Ifungueni. Weka benchi, weka maji ya kunywa na kikombe safi. Mlangoni panga mawe bapa na kipande cha chuma cha kukwangulia matope ya boti. Mchimbaji anayetoka shimoni anaona haya kuingia mahali safi. Nimesikia wenye maduka wanamfokea, “Toka na matope yako!” Matope yale ndiyo yanayotulisha sisi sote hapa.

Mwisho ni fedha, na hapa nawasihi wenye haraka. Usichukue fedha ya kununulia mali ukapaka nayo ukuta. Huko ni kuuza ng'ombe ili ununue kamba. Miji yetu inaishi kwa mgodi, na mgodi unafungwa siku usiyoijua. Mwezi wa Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Kwa miezi sita mchimbaji hakuwa na kazi halali, na mwenye duka aliyekuwa ameweka fedha yake yote katika rafu za kioo na madeni ya wachimbaji alibaki na kioo. Mwezi wa Machi 2025 vita ilipoelekea Walikale, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi ya mgodi wa Bisie, ikaanza tena Aprili. Mara hii ilikuwa wiki chache, lakini wiki chache bila mshahara mtaani ni nyingi. Mimi natumia kwa mapambo faida ya juma moja kwa mwaka, si zaidi. Nikianza na chokaa, mwaka ujao chupa za paa, mwaka wa tatu mchoraji.

Sasa makopo. Yote mawili ni ya Guigoz, urefu mmoja, mdomo mmoja, nimeyapaka rangi moja ili msiyatofautishe. Moja ni zima. La pili niliazimwa na mwenye duka ambaye yuko hapa kati yetu, na jina lake halitatoka kinywani mwangu. Kitako chake kimegongwa kwa nyundo kwenda ndani, vidole viwili. Kwa nje kopo ni kopo. Mama akinunua makopo kumi ya maharagi, ni ngapi anayofikisha nyumbani? Mfuko wa maharagi uko chini ya meza, mizani iko hapa, na uso wake nimeugeuza kwenu. Mama mmoja na mchimbaji mmoja waje mbele wapime, na wote wenye makopo nyumbani, tafadhali, wayalete kesho asubuhi kabla ya kufungua duka.